Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Watafiti Wageni Katika Shule Zetu

Haya ni maneno tuliyosema kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia walipokutana kwa mafunzo ya siku moja. Tumeyachapa kwa sababu vikundi kadhaa viliomba vipate nakala, wanachama wasome tena katika mikutano yao.



Leo tunaweka kando mambo ya mbuzi wa maziwa na pesa za mzunguko. Mwaka huu mmetuuliza swali moja kwa maneno tofauti: hawa watafiti wageni wanaokuja katika shule za sekondari kuzungumza na watoto wetu juu ya sayansi, sisi wazazi tuwachukulieje? Tuwakaribishe? Tuwaogope? Ama tunyamaze tu, kwa kuwa hayo ni mambo ya waliosoma?

Jibu letu fupi ni hili: tuwakaribishe, lakini tusinyamaze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apige makofi.

Mgeni wa namna hii mnamjua. Anakuja na gari, na kompyuta, na picha zinazoonyeshwa ukutani. Anasema kwa Kiingereza kwa muda wa saa moja. Watoto wanapiga makofi, mwalimu mkuu anashukuru, gari linaondoka. Jioni mama anamwuliza mtoto, "Leo mlifundishwa nini?" Mtoto anajibu, "Kulikuja mgeni." "Alisema nini?" "Mambo ya mbu." Basi, habari imekwisha. Saa nzima ya elimu imefika kwenye mlango wa nyumba ikageuka kuwa maneno matatu.

Hebu tuliangalie jambo hili kama tunavyofanya siku zote katika mafunzo yetu. Tunaona nini? Kwa nini iko hivyo? Tufanye nini?

TUNAONA NINI?

Kwanza tuseme lililo jema, kwa sababu lipo. Mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kumwona mwanasayansi kwa macho yake, siku hiyo anamwona. Anaona kwamba sayansi ni kazi ya watu, si kitabu tu. Msichana anamwona mama aliyesomea wadudu na kupata mshahara kwa kazi hiyo. Tena mwanafunzi anasikia mtu mzima aliyesoma sana akisema "hili bado hatulijui," bila kuona haya. Hilo peke yake ni somo kubwa. Darasani mtoto huzoea kwamba kila swali lina jibu moja nyuma ya kitabu.

Sasa tuseme lililo gumu. Katika shule moja ya kutwa tulialikwa kuketi nyuma ya darasa pamoja na wazazi wawili. Mgeni alikuwa ametoka chuo kikuu cha ng'ambo, na alizungumza juu ya malaria kali ya watoto wadogo. Alisema vizuri, hata pole pole. Alieleza kwamba malaria ikifika kwenye ubongo, mtoto hupata "convulsions". Neno hilo alilirudia labda mara kumi. Mwishoni akauliza kama kuna maswali. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Naibu wa mwalimu mkuu akasema watoto wameelewa vizuri sana, na mkutano ukafungwa.

Baadaye tuliketi chini ya mwembe na wanafunzi kumi na wawili. Tukawauliza kwa Kiswahili, hiyo "convulsions" ni nini? Mmoja akasema ni kutapika. Mwingine akasema ni kuchanganyikiwa. Wengine walitazama chini. Tukawauliza, "Na degedege mwaijua?" Lo! Wote waliijua. Msichana mmoja alieleza jinsi mdogo wake alivyokakamaa usiku, macho yakageuka juu, na jinsi nyanya yake alivyomfukiza moshi chini ya shuka mpaka kukakucha. Mtoto alifikishwa hospitali saa nne asubuhi. Alipona, lakini mkono wake mmoja hauna nguvu hadi leo.

Tukamwambia, "Lile neno la mgeni ndilo hilo. Alikuwa akisema juu ya mdogo wako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hakusema hivyo?"

Wapendwa, swali hilo ndilo lililotufanya tuandae mazungumzo ya leo.

Na kabla hatujaendelea, kila mtu aliye hapa alishike hili. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, mpeleke hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, usingoje asubuhi. Si kila degedege ni malaria, lakini kila degedege yenye homa yahitaji daktari. Mnaona? Hayo ni maneno machache ya Kiswahili, na kila mmoja wenu ameyaelewa.

Jambo la pili tuliloliona lilitokea wiki ileile. Habari zilienea sokoni kwamba ati wageni walikuja kuhesabu watoto wa kutolewa damu. Wazee wakakumbuka hadithi za mumiani. Akina mama watatu wakawazuia watoto wao wasiende shule siku mbili. Nani aliyeeneza uongo? Tulifuatilia, tukaona hakuna aliyedanganya. Watoto walikuwa wameona picha ya chupa ndogo ya damu. Na katika saa nzima ya Kiingereza, neno moja ambalo kila mtoto alilishika ni "blood". Walipofika nyumbani walisema walichokishika. Mahali ambapo maelezo hayakufika, hofu ilifika.

KWA NINI IKO HIVYO?

Wengine watasema watoto ni wavivu. Wengine watasema mgeni ana majivuno. Sisi hatuoni hivyo. Tunaona sababu nne.

Ya kwanza: kizingiti kipo, lakini kila mtu anajifanya hakioni. Katika shule zetu mtoto anaanza kwa lugha ya nyumbani au Kiswahili, na kuanzia Gredi ya 4 masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mitihani ya sayansi ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu atamwambiaje mgeni kwamba wanafunzi hawatamwelewa? Ataona ameiaibisha shule. Na mwanafunzi atasemaje "sikuelewa" mbele ya wenzake? Ataonekana mjinga. Hivyo mgeni anaambiwa Kiingereza hakina shida, naye anaamini.

Ya pili: maneno ya sayansi yana sura mbili. Mtoto anayejua Kiingereza cha darasani anaweza kupotea kuliko yule asiyekijua kabisa, kwa sababu anadhani ameelewa. "Culture" anajua ni utamaduni, kumbe katika maabara ni kuotesha vidudu ndani ya chombo. "Trial" anajua ni kesi mahakamani, kumbe ni jaribio la dawa. "Control" anajua ni kudhibiti, kumbe ni lile kundi la kulinganisha, lisilopewa dawa mpya. Na "positive" anajua ni jambo zuri. Mtu akiambiwa damu yake ni "positive", anaweza kurudi nyumbani akifurahi, na vidudu vimo ndani.

Ya tatu ni hofu. Wengi wetu tuliomo humu tulivaa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni. Mtu aliyefundishwa hivyo hujifunza kwamba kunyamaza ni salama. Viboko vimekatazwa na sheria, lakini kicheko cha darasa hakijakatazwa. Mtoto akikosea neno moja la Kiingereza, atachekwa muhula mzima.

Ya nne: hakuna aliyetualika sisi. Mazungumzo yanapangwa kati ya mgeni na ofisi ya mwalimu mkuu. Mzazi anasikia baadaye, kama anavyosikia habari za Nairobi.

WENZETU WANAFANYAJE?

Twende mbali kidogo, mpaka Japani. Kule watoto hujifunza sayansi kwa Kijapani tangu shule ya msingi mpaka chuo kikuu. Kiingereza kwao ni somo, kama vile Kifaransa kilivyo kwetu. Tangu mwaka wa 2004, shirika la serikali yao linalokuza sayansi limekuwa na mpango wa kuwapeleka watafiti vijana kutoka nchi za nje, wale wanaofanya kazi katika maabara za Japani, wakazungumze na wanafunzi wa sekondari. Wanazungumza kwa Kiingereza juu ya utafiti wao, juu ya nchi walikotoka, na jinsi walivyofika kuwa watafiti. Nyingi za shule zinazowaalika ni zile ambazo wizara ya elimu ya huko imezichagua, tangu 2002, kukazia masomo ya sayansi.

Basi Mjapani anafanyaje na Kiingereza hicho? Hajifanyi. Anajua kizingiti kipo, kwa hiyo anaweka ngazi. Wanafunzi huandaliwa kabla ya siku yenyewe, na maneno magumu hupitiwa mapema. Mtafiti anaweza kufuatana na mwenzake anayejua Kijapani, ili mahali watoto wanapokwama asaidie. Baada ya mazungumzo wanafunzi huulizwa walionaje na walielewa kiasi gani. Mtoto hana sababu ya kuona haya, kwa kuwa kila mtu, tangu mwalimu mpaka mgeni, amekubali kwamba Kiingereza ni kigumu na tutasaidiana.

Hatusemi Japani ni peponi, na hatusemi tuige kila kitu. Wao wana pesa na sisi hatuna. Lakini kukubali kwamba kizingiti kipo hakugharimu hata shilingi moja.

Sasa turudi nyumbani. Pale Kilifi kuna kituo cha utafiti wa afya kilichoanza mwaka wa 1989, kazi ya pamoja ya KEMRI, Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford. Watafiti wa pale wenyewe wameandika juu ya hofu ya wananchi kuhusu damu, hawakuificha. Kwa miaka mingi sasa wanafunzi wa sekondari hukaribishwa kuona maabara, na watafiti huenda shuleni kuzungumza nao. Tena kuna wawakilishi waliochaguliwa na wananchi vijijini, wanaokutana na kituo na kupeleka maswali. Karatasi za kumwomba mzazi ruhusa huandikwa pia kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwa nini kazi yote hiyo? Kwa sababu walijua kwamba mtu asiyeelewa hawezi kukubali kwa hiari, na wala hawezi kukataa kwa hiari.

Na matunda yapo. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa watoto 5,425 kutoka nchi 9 za Afrika walioshiriki katika jaribio kubwa la kulinganisha sindano ya kwinini na sindano ya atesuneti kwa malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010: waliopewa atesuneti walikufa wachache zaidi. Leo ndiyo dawa inayotangulizwa hospitalini kwa malaria kali. Tena watoto wa Kilifi, na wa upande wa Kisumu na Siaya, walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria kati ya 2009 na 2014, pamoja na wenzao wa nchi nyingine sita. Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Ndugu zangu, hii ni hadithi yetu. Ni watoto wetu waliotoa mkono ukachomwa sindano. Je, ni haki mwanafunzi wetu aisikie kama hadithi ya watu wengine, kwa lugha asiyoweza kuirudia kwa mama yake?

Mfano mwingine unawahusu wakulima. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa icipe, kituo cha wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, walishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Walitafuta njia ya kuzuia viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, na lile gugu la striga ambalo Waluo huliita kayongo. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi: harufu yake inamfukuza nondo, na mizizi yake inazuia gugu. Pembeni mwa shamba unapanda napier: inamvuta nondo akatage huko, na watoto wake wengi wanafia humo. Na vyote viwili ng'ombe anakula. Hiyo ni sayansi ya harufu na kemikali, imeandikwa katika majarida makubwa. Lakini mkulima anaiita Vuta Sukuma. Maneno mawili! Anayelisikia jina ameshaelewa nusu ya kazi.

Kwa hiyo mtu asituambie sayansi haiingii katika lugha zetu. Inaingia, mradi awepo wa kuifungulia mlango.

TUFANYE NINI?

Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Hatuhitaji mfadhili. Tunahitaji karatasi za manila, kalamu nene, na watu watatu wenye bidii. Kazi iko katika sehemu tatu.

KABLA YA MGENI KUJA. Mwenyekiti na katibu waende kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, kupitia wawakilishi wa wazazi. Waseme kikundi kinafurahia wageni wa sayansi, na kina maombi mawili. La kwanza, mgeni atume mapema maneno kumi na tano ambayo atayatumia sana, na aeleze kila neno kwa sentensi moja. La pili, mzazi mmoja au wawili waruhusiwe kuketi ndani.

Maneno yakifika, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wayapitie pamoja na wanafunzi. Kila neno litafutiwe jina la Kiswahili, na jina la lugha ya nyumbani. Hapo wanafunzi watumwe kwa wazee. Mtoto amwulize nyanya, "Mtoto akikakamaa kwa homa, nyinyi mwasemaje?" Nyanya hajui "convulsions", lakini yeye ndiye kamusi ya kijiji. Mahali pasipo na neno, msilazimishe. Elezeni kwa sentensi: "kimelea ni kiumbe kidogo kinachoishi ndani ya kiumbe kingine na kula kwake." Karatasi hiyo ya maneno ibandikwe ukutani.

SIKU YENYEWE. Mwombeni mgeni akate mazungumzo yake vipande vitatu. Baada ya kila kipande, asimame dakika tano, na wanafunzi wawili wawili waelezane walichosikia kwa lugha yoyote wanayotaka. Ndiyo, yoyote! Mwalimu asiogope kelele hiyo, ndiyo kelele ya kuelewa. Kisha maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, yakusanywe kwenye kofia au kikapu, mwalimu asome. Tumeona shule iliyofanya hivyo ikipata maswali ishirini na saba, na pale awali hapakupatikana hata moja.

Na tafadhali, tusimchoshe mgeni kwa nyimbo na hotuba za wakubwa saa nzima, yeye abaki na dakika ishirini. Makaribisho mazuri ni kumsikiliza.

BAADA YA MGENI KUONDOKA. Hii ndiyo sehemu inayosahauliwa, na kwetu ndiyo kubwa. Katika mkutano wa kikundi unaofuata, waiteni wanafunzi wawili au watatu. Wapeni dakika kumi waeleze, kwa lugha ya nyumbani, yale mgeni aliyosema. Wanachama wawaulize. Wakikwama, wasichekwe. Maswali waliyoshindwa yaandikwe, yapelekwe kwa mwalimu, naye ampelekee mgeni. Mgeni wa kweli atajibu. Jibu likirudi lisomwe mbele ya wote.

Msiseme kwamba nyinyi hamkusoma, kwa hiyo hamna la kuuliza. Mama mmoja wa kikundi cha ususi alituuliza, "Watoto wangu wawili hulala kitanda kimoja, wanaumwa na mbu walewale. Mbona mmoja amelazwa na malaria mara tatu, na mwingine hata mara moja?" Mnajua hilo ni swali la kiasi gani? Mwaka wa 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia hapahapa Kenya, alichapisha sehemu ya jibu. Mtoto aliyerithi selimundu, ambayo wengi wetu twaiita sikoseli, kutoka kwa mzazi mmoja tu, huwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Akirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, anapata ugonjwa wenyewe. Baadaye watafiti wa Kilifi walilithibitisha kwa kuwafuatilia watoto wa huko. Si sababu pekee, ziko nyingine, na nyingine bado zinatafutwa. Basi mama wa ususi na mtafiti wa maabara walikuwa wakiuliza swali moja. Kilichokosekana ni daraja kati yao, na daraja hilo ni mwanafunzi anayeweza kusema pande zote mbili.

TUSICHANGANYE MAZUNGUMZO NA UTAFITI

Kuna jambo tunataka liwe wazi, ili sokoni kusiwe na hofu isiyo na msingi, na pia tusilale usingizi. Mgeni aliyekuja kuzungumza amekuja kuzungumza. Siku hiyo hakuna damu, hakuna dawa, hakuna kumpima mtoto. Akitaka kufanya utafiti, hiyo ni safari nyingine yenye masharti. Lazima awe na kibali cha tume ya serikali ya sayansi, inayoitwa NACOSTI. Lazima mpango wake uwe umepitishwa na kamati ya maadili. Na kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 18 haingizwi bila mzazi kuelezwa na kukubali. Unaelezwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kubadilisha nia baadaye, na mtoto wako haondolewi matibabu kwa sababu hiyo. Picha za watoto pia zaombewa ruhusa, kwa kuwa sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu inamtaja mtoto na mzazi wake.

Mwulizeni mwalimu mkuu kwa upole, "Huyu anakuja kuzungumza au kufanya utafiti?" Swali hilo si la ugomvi. Kuuliza si ujinga.

KUNA WANAOSEMA TUNAKATAA KIINGEREZA

Mzee mmoja alitusimamisha akasema, "Nyinyi mwataka kuwarudisha watoto nyuma. Mimi nalipa karo ili mtoto ajue Kiingereza." Twamheshimu mzee, na tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mtoto anakihitaji Kiingereza. Mtihani ni kwa Kiingereza, vitabu vya chuo ni kwa Kiingereza, na kumsikia mgeni akikisema kwa saa moja ni mazoezi ambayo shule nyingi hazina. Hatumwombi mgeni aache Kiingereza chake.

Tunachosema ni kwamba mtoto anayeweza kumweleza mama yake jambo kwa Kigiriama, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, ndiye aliyelielewa. Huyo hata Kiingereza chake kitakuwa na nguvu, kwa sababu kina kitu ndani yake. Yule aliyekariri neno tu atalisahau baada ya mtihani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu hichohicho chaitaka serikali ilinde na kukuza lugha za watu wa Kenya. Kwa hiyo kikundi kikiomba maelezo kwa Kiswahili hakiombi sadaka.

Tunawaomba basi kila kikundi kichague watu watatu wa kazi hii kabla ya muhula ujao kufunguliwa. Msingoje mgeni atangazwe. Nendeni mkamsalimie mwalimu mkuu sasa, akiwa hana haraka. Vikundi vitakavyofanya, vituandikie vilivyofaulu na vilivyokwama, tutavichapa katika jarida hili ili wengine wajifunze.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wageni gani wa sayansi waliofika katika shule zilizo karibu nasi? Walisema nini? Ni nani kati yetu anayeweza kueleza?

2. Taja magonjwa matatu ya watoto au ya mifugo kwa lugha ya nyumbani. Je, watoto wetu wanajua majina yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza? Na sisi je?

3. Ni uvumi gani tumewahi kuusikia juu ya watafiti? Ulianzia wapi? Ni maelezo gani yaliyokosekana?

4. Kama mtafiti angeketi nasi leo chini ya mti huu, tungemwuliza swali gani moja? Katibu aliandike, na lipelekwe shuleni.